Kilwa si ya wikendi

Sisi watu wa Dar tuna ibada yetu ya Januari. Kalenda mpya ikishabandikwa ukutani, kabla hata ya kutazama siku ya mshahara, mtu anapitisha kidole akitafuta sikukuu zinazoangukia Ijumaa au Jumatatu. Zikipatikana, kundi la WhatsApp linachangamka. Mmoja anataka Zanzibar. Mwingine anasema Zanzibar tumeizoea. Wa tatu anapendekeza Bagamoyo na kuchekwa, kwa sababu Bagamoyo mtu huenda na kurudi kabla ya magharibi. Halafu lazima atokee mmoja, mara nyingi yule aliyekuwa na alama nzuri za Historia sekondari, aandike: "Jamani, kwa nini tusiende Kilwa?"

Hapo ndipo jina langu linapotajwa. Shangazi yangu ameolewa Kilwa Kivinje tangu mimi sijaanza shule, basi nahesabiwa mjuzi wa kusini nzima. Swali huja vilevile kila mara: kwa likizo fupi, panafaa au hapafai? Nimelijibu kwa ujumbe wa sauti hadi nimechoka kusikia sauti yangu mwenyewe, kwa hiyo naliandika.

Jibu fupi ni kwamba ukiwa na usiku mbili tu za kulala, usiende. Ukiwa na usiku tatu unaweza, kwa mpango mzuri. Ukiwa na nne, nenda, tena nenda kabla hujarudi Zanzibar kwa mara nyingine, mradi tarehe zako umezichagua kwa kutazama mwezi. Maelezo yaliyobaki ni ya kutetea jibu hilo.

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayokula likizo. Kutoka Dar hadi Kilwa Masoko, mji utakaofikia na kulala, ni kilometa 300 na ushei. Mabasi hupandiwa Mbagala Rangi Tatu, na kwa anayetoka Tegeta au Mbezi, kufika Mbagala alfajiri ni safari kamili kabla ya safari. Ukishavuka Kongowe unapita Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, Kibiti, Ikwiriri, makazi yaliyofuatana karibu njia nzima, kibao cha hamsini baada ya kibao cha hamsini, na trafiki wenye tochi wakiwa kwenye kivuli cha mkorosho. Basi linachukua saa sita hivi, pengine saba likiwa na tabia ya kupakia njiani. Anayejisifu kwamba gari lake dogo lilimfikisha kwa saa nne, ama aliondoka saa kumi za usiku, ama anazungumza na watu asiotarajia waende wakahakikishe.

Wazee wa kusini watasema tunadeka, na wana haki. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo palikuwa na kivuko, na kivuko kikiharibika au mto ukifurika, abiria walilala palepale na mbuzi wao na magunia yao. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60, kilibaki vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika kwa miaka mingi. Shangazi alikuwa akitoka Kivinje kuja harusi Dar, anatukuta bibi harusi ameshapelekwa kwao na sufuria zimeoshwa. Leo ni lami tupu. Lakini lami nayo ina siku zake: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoingia na mvua zake, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na kwingine mbele, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikakaa siku kadhaa bila njia ya kwenda Dar. Kwa hiyo mwezi wa Aprili na Mei mimi simshauri mtu. Utafika, pengine, lakini kurudi kwako Jumatatu kazini kutakuwa mikononi mwa mto.

Sasa piga hesabu ya wikendi ndefu ya kawaida. Ijumaa unaondoka asubuhi, unafika Nangurukuru mchana. Hapo ndipo njia ya Lindi inapoachana na ile ya Masoko. Kama basi lako linaendelea Lindi au Mtwara unashuka, unatafuta haisi au bodaboda. Unafika Masoko, unatafuta gesti, unaoga, jua limeshainama. Jumapili, ukitaka kufika Dar mchana mapema, unaondoka asubuhi. Kilichobaki mkononi ni Jumamosi moja. Na hiyo Jumamosi nayo si yako, ni ya bahari.

Hili la bahari ndilo ambalo watu wa Dar hawalisikii hata ukilisema. Sisi tumezoea kwenda Coco au Kigamboni saa yoyote, tukikuta maji yametoka tunakula mihogo tukisubiri. Kilwa ni tofauti kwa sababu kitu kikubwa cha kuona, magofu ya Kilwa Kisiwani, kiko ng'ambo ya maji, na cha pili kwa ukubwa, Songo Mnara, kiko ng'ambo ya mikoko. Nikimpigia shangazi kumwambia nakuja, haniulizi tarehe. Ananiuliza, "Leo mwezi ngapi?" na hapo anaanza kuhesabu vidole vyake kuanzia mwezi mwandamo.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, kwa siku tatu nne hivi kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na yanatoka sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa. Kati ya bamvua moja na nyingine kuna maji mafu, ambapo bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo. Watu wengi wanajua mpaka hapo. Wasilolijua wageni ni kwamba kwenye mwambao wetu saa nazo hazibadiliki sana. Siku za bamvua, maji huwa yametoka kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Siku za maji mafu ni kinyume: saa nne, saa tano asubuhi maji yapo, si mengi, lakini yapo na yametulia.

Chukua sasa kalenda yako ya sikukuu uisome upya. Idd el-Fitr ni mwezi mosi Shawwal, yaani siku ya kwanza ya mwezi mwandamo. Mwezi mosi maana yake bamvua, kila mwaka, bila ubishi. Ukienda Kilwa Idd el-Fitr, utaamka, utakunywa chai na vitumbua, utashuka ufukweni na taulo lako begani, na bahari itakuwa imekwenda zake, imekuachia mchanga, majani na akina mama wameinama wanatafuta pweza. Si jambo baya. Kama unapenda kutembea juu ya mwamba na kuona watu wakivua kwa miguu, hiyo ndiyo siku yako. Lakini usimpeleke mtu uliyemwahidi kuogelea asubuhi. Idd el-Hajj ni mwezi kumi Mfunguo Tatu (Dhulhija), ambao hukuta maji mafu, na kwa hiyo ndiyo sikukuu ya Kilwa kama ningeulizwa nichague moja. Maulidi ni mwezi kumi na mbili, bamvua inanyemelea. Pasaka huja ndani ya juma linalofuata mwezi mpevu, yaweza kuangukia bamvua au maji mafu, lakini kwa kuwa huangukia masika, nimeshasema.

Saba Saba na Nane Nane zinafuata jua, hazina habari na mwezi, hivyo lazima utazame mwaka hadi mwaka. Tatizo lake ni upepo. Julai na Agosti ni kusi, na mkondo kati ya Masoko na Kisiwani ukipigwa na kusi la mchana hauwi mahali pa mtu mwenye tumbo dogo. Wenyeji huvuka asubuhi na mapema kabla halijaamka. Oktoba kusi limeishiwa nguvu, kaskazi halijaanza, na ikiwa Siku ya Nyerere, tarehe 14, imeangukia pazuri na mwezi umekubali, sijui unachosubiri. Mwezi wa Ramadhani mji hulala mchana na kuamka usiku. Mtu asiyefunga atahangaika kupata chakula cha saa saba, lakini futari ya Kilwa, hasa ukialikwa, inafidia.

Kuna jambo linalonifurahisha kuhusu maji haya. Hadithi ya kale ya kuanzishwa kwa Kilwa, iliyomo katika kitabu cha historia ya masultani wake, inasema Ali bin al-Hasan, Mshirazi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mfalme wa bara kwa nguo nyingi kiasi cha kukizunguka chote. Wakati huo watu walikuwa wakivuka kwa miguu maji yakipwa. Mfalme akaondoka kwenda bara, nia yake arudi na watu wake amnyang'anye. Mshirazi akajua. Akachimba pale pa kuvukia, na mfalme alipokuja akasimama ng'ambo akisubiri maji yatoke kama kawaida yake, na maji hayakutoka. Sijui nani anaiamini neno kwa neno, na wanahistoria wana mengi ya kusema kuhusu hao Washirazi. Ila mtu aliyeitunga alikuwa ameshawahi kusimama Masoko akisubiri maji.

Kisiwani chenyewe ndicho sababu ya safari, na hapa sina maneno ya kupunguza. Kibali hukatwa Masoko, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Utatembea na mwongozaji. Mkubali hata kama kitabu cha Historia unakijua kwa moyo, maana kijiji cha watu hai kimekaa katikati ya magofu na si vizuri kumtokea mtu uani kwake ukitafuta msikiti wa karne ya 14. Chombo hukodiwa chote, si kwa kichwa, kwa hiyo mkienda wanane mtalipa kama mtu mmoja angelipa peke yake. Wenye haraka huchukua boti ya injini. Mimi hupenda mashua ya tanga upepo ukiruhusu, maana ukuta mweupe wa Gereza, ile ngome ya kale, unaonekana polepole ukikua mbele yako, na nahodha anapata muda wa kusema anayoyajua.

Gereza ndilo linalokupokea ukishuka. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, chini ya Francisco de Almeida, wakajenga ngome, kisha mwaka 1512 wakaondoka. Jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani. Watu hupiga picha nyingi hapo kuliko panapostahili, kisha wanafika Msikiti Mkuu simu ikiwa na chaji robo. Okoa chaji. Upande wa kaskazini wa msikiti ndio wa zamani zaidi, wa karne ya 11 na ya 12, na upande mkubwa wenye kuba na nguzo uliongezwa karne ya 14, ukaanguka, ukajengwa tena karne ya 15. Kwa muda mrefu hapakuwa na msikiti mkubwa kuliko huu kwenye mwambao mzima. Ingia asubuhi, mwanga unapopita ubavuni. Kuta ni matumbawe na chokaa, vitu vilevile vilivyojengea nyumba za Kivinje miaka mia tano baadaye.

Kisha kuna Husuni Kubwa, ambako wageni wengi wa siku moja hawafiki kwa sababu ni mwendo wa miguu juani na nahodha ameshaanza kutazama maji. Ndiyo maana nasisitiza siku nzima kwa Kisiwani peke yake. Husuni Kubwa iko ukingoni mwa genge juu ya bahari, ina vyumba zaidi ya mia moja, na ina bwawa la kuogea la pembe nane ambalo mwongozaji atakuacha ulitazame kimya, maana anajua utauliza maji yalitoka wapi. Aliyeijenga ni Sultan al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ikipita mikononi mwa Kilwa, na inaelekea ujenzi haukukamilika. Sarafu zake ndogo za shaba zilikuwa na maandishi ya Kiarabu yenye vina, upande mmoja ukiitikia mwingine. Moja imeokotwa Great Zimbabwe. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko.

Huyu ndiye sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, mwaka 1331. Ibn Battuta aliusifu mji, akamsifu na mwenyeji wake kwa ukarimu: fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani siku ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, na sultani akaingia ndani, akavua, akampa. Mwanawe alipozikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, sultani akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Waongozaji wengi huishia kwenye nguo. Mimi husubiri waendelee, kwa sababu nusu ya pili ndiyo inayokupeleka Kivinje.

Na Kivinje ndiyo sababu ya usiku wa tatu. Iko kaskazini mwa Masoko, nusu saa na kitu kwa gari, njia ya kuchepuka kutoka barabara ya Nangurukuru. Katikati ya karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa, na hakuna bandari ya mwambao huu iliyopitisha watumwa wengi kuliko hii kwenda Unguja na kwingineko. Majumba yaliyojengwa kwa fedha hiyo bado yamesimama, mengine nusu, milango ya kuchonga ikiwa imefungwa kwa waya na mibuyu ikiota sebuleni. Kuna boma la Wajerumani lililobakia kuta. Kuna mnara wa kumbukumbu ya Wajerumani wawili waliouawa hapa mwaka 1888, watu wa mwambao walipokataa kutawaliwa na kampuni ya Kijerumani. Na kuna habari ya mwembe ambako Wajerumani walinyongea watu, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya, aliyewasumbua hadi walipomkamata na kumnyonga mwaka 1895. Miaka kumi baadaye, huko nyuma Mohoro, uliyoipita asubuhi ukiwa umesinzia ndani ya basi, walimnyonga Kinjikitile Ngwale, siku chache tu baada ya Wamatumbi kung'oa pamba Nandete na vita vya Maji Maji kuanza.

Hapana tiketi Kivinje, hapana foleni, na kwa sehemu kubwa hapana vibao. Hiyo ni sifa na ni kasoro. Kisiwani ipo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikatolewa mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Kivinje haimo, na inaanguka mbele ya macho ya watu. Kila masika shangazi hunitajia ukuta uliolala. Anautaja kwa jina la ukoo uliokuwa ukiishi humo, si kwa jina la mtaa, na sauti yake haibadiliki, kama anayenipa habari za mgonjwa wa siku nyingi. Ukienda, salimia. Shikamoo moja kwa mzee aliyekaa barazani itakuonyesha mambo ambayo hakuna mtu wa kukuuzia. Kanzu na baibui si lazima kwa mgeni, lakini kaptura ya ufukweni iache gesti. Hili ni kweli kwa Kisiwani pia.

Ufukwe, basi. Watu huuliza hili la kwanza na mimi hulijibu la mwisho. Masoko ina ufukwe mzuri wa Jimbizi, una loji mbili tatu za wavuvi wa kitalii, mchanga wa kutosha na maji safi. Lakini kama unachotaka ni mchanga mweupe, kitanda cha kamba na juisi iliyochomekwa mwavuli wa karatasi, hakuna hesabu itakayonifanya nikuambie upite madaraja yote yale kwa ajili ya Jimbizi. Panda boti ya mwendo wa saa mbili nenda Unguja. Kuna vinywaji baridi, kuna muziki, na chakula kinakuja na picha yake kwenye orodha. Simwambii hivi mtu kwa kejeli. Nina marafiki ninaowapenda ambao Kilwa ingewaudhi, na kumpeleka mtu kwa nguvu ni kuharibu likizo mbili, yake na yako.

Chakula ni hadithi nyingine. Masoko jioni utapata samaki wa kukaanga, ngisi, pweza, ugali wa muhogo na chapati, kwa bei ambayo Masaki ungelipia maji ya kunywa. Ukitaka wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa ajili ya kundi, agiza asubuhi kwa mama lishe na uache fedha ya nazi na samaki. Usije saa mbili usiku ukauliza kuna nini. Mambo mengi Kilwa yanakwenda kwa kuagiza. Gesti za kawaida ni safi na zina feni. Umeme ukikatika zinakuwa na dirisha. Fedha taslimu beba, wakala wa simu wapo lakini wikendi ya sikukuu nao huishiwa.

Watoto wadogo? Mwaka jana mama mmoja kazini aliniuliza kuhusu mwanawe wa miaka minne, nikamwambia mtoto atafurahia mashua na atachukia basi, na kwamba Husuni Kubwa ina mashimo na kingo zisizo na uzio, kwa hiyo likizo yake itakuwa ya kushika mkono wa mtu. Akaenda Bagamoyo, akarudi amefurahi. Wazazi wenye magoti mabovu nao wafikirie kushuka kwenye chombo: siku nyingine unateremka kavu, siku nyingine unaingia maji ya magotini na kuna mtu anakushika kwapa. Mama yangu alisema hataki kubebwa kama gunia la ufuta, akabaki Masoko kwa hiari yake, na ni yeye aliyetupatia pweza bora wa safari nzima maana alikuwa na siku nzima ya kumchagua.

Bado nadaiwa usiku wa nne, na usiku huo ni wa Songo Mnara. Kisiwa hiki kiko kusini zaidi, na mji wake wa mawe, wa kati ya karne ya 14 na ya 16, una nyumba unazoweza kuingia mlangoni, kupita ukumbini na kutokea uani kana kwamba umetumwa kumwita mtu. Kwa mapenzi yangu, unaishinda Kisiwani. Hauna mahali pa kufikia kirahisi. Siku za bamvua utafika maji yakiwa nje na utatembea kwenye tope la mikoko kwa muda mrefu kuliko ulivyoambiwa. Siku za maji mafu chombo kinasogea zaidi. Kwa hiyo wenye usiku tatu waende Kisiwani siku moja, Kivinje siku ya pili, na waiache Songo Mnara bila kinyongo. Wenye nne wamwambie nahodha jioni ya kwanza kabisa, wampe na fedha ya mafuta, maana safari ile inakunywa mafuta mengi na hatayanunua kwa fedha yake kwa kutegemea kwamba mtaamka.